Je, Wajua? Herufi Tunazozitamka Kila Siku, Kutoka Dilolo Hadi Kolwezi

Huku Lualaba herufi ziko kila mahali: ubavuni mwa behewa, kwenye mlango wa lori, mgongoni mwa ovaroli, juu ya gunia la madini. Tunazitamka kutwa kucha, na ni wachache wanaouliza zimetoka wapi. Tuziulize leo.

Je, wajua kwamba D ya KDL ni Dilolo? Mwaka 1966 Léopoldville iliitwa Kinshasa na Élisabethville ikawa Lubumbashi. Baadaye shirika la reli likaja kuitwa Kinshasa-Dilolo-Lubumbashi. Mji mdogo wa mpakani ukawekwa katikati ya miji mikubwa miwili, maana hapo ndipo shaba ilipotokea kwenda bahari ya Atlantiki.

Je, wajua kwamba Dilolo ilikuwamo hata kabla ya hapo? Mwaka 1927 iliundwa kampuni ya LEOKADI: LEO ni Léopoldville, KA ni Katanga, DI ni Dilolo. Mwaka huohuo Ubelgiji, iliyotawala Kongo, iliipa Ureno, iliyotawala Angola, ardhi ya upande wa Dilolo, kama kilomita za mraba 3,500. Yenyewe ikapewa kilomita za mraba 3 tu karibu na Matadi, ipate nafasi kwa ajili ya reli yake. Waliotia saini walikuwa Wazungu pande zote mbili.

Je, wajua kwamba BCK ni ahadi ambayo haikutimizwa? Herufi hizo husimamia maneno ya Kifaransa yenye maana ya reli ya kutoka Kongo ya Chini hadi Katanga. Kampuni ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1928 reli yake ilifika Ilebo, kwenye mto Kasai. Ikakomea hapo. Mpaka leo mzigo wa Kinshasa unashushwa Ilebo na kupakiwa kwenye boti.

Je, wajua kwamba reli ya ng'ambo ya mpaka, CFB, ina jina la Kireno? C yake ni *caminho*, yaani njia: Njia ya Chuma ya Benguela. Ina urefu wa kilomita 1,344 kutoka bandari ya Lobito hadi Luau, jirani wa Dilolo, na iliunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931.

Je, wajua kwamba C mbili za SNCC si ndugu? Ya kwanza ni *chemins*, njia. Ya pili ni Congo. Enzi za Zaire herufi ya mwisho ilikuwa Z, na shirika likaitwa SNCZ. Nchi ilibadili jina, behewa likabadili herufi.

Je, wajua kwamba kampuni kubwa za Lualaba zina majina ya Kiingereza katika nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa? KCC ni Kamoto Copper Company: *copper* ni shaba, *company* ni kampuni. TFM ni Tenke Fungurume Mining: *mining* ni uchimbaji. Herufi za kwanza, K, T na F, ni majina ya mahali petu. Na Tenke ndiko reli ya Dilolo inakoungana na njia kuu.

Je, wajua kwamba RDC na DRC ni herufi zilezile tatu? Mfaransa hutanguliza Jamhuri, Mwingereza hutanguliza Demokrasia. Kongo inabaki mwisho kwa wote wawili.

Je, wajua kwamba alama ya nchi yetu kwenye mechi za kimataifa, COD, ni neno kamili la Kiingereza? Ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini. Kongo-Brazzaville, katika orodha ya kimataifa ya nchi, ni COG: jino la gurudumu la mashine. KEN ya Kenya ni upeo wa ujuzi wa mtu. TAN ya Tanzania uwanjani ni kutengeneza ngozi ya mnyama isioze.

Je, wajua kwamba Cu, alama ya shaba, imetoka kisiwani? Warumi walipata shaba Kupro, wakaiita madini ya Kupro, na kwa Kilatini neno likafupika kuwa *cuprum*.

Je, wajua kwamba Co, alama ya kobalti, ni jina la pepo? Wachimbaji wa Ujerumani walikuta mawe yasiyotoa fedha, ila moshi wa sumu, wakamlaumu Kobold, pepo wa mashimoni. Georg Brandt wa Uswidi ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1730, kwamba ndani yake mna metali mpya. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo.

Je, wajua kwamba Mn na Mg zina asili moja? Manganizi na magnesi yote mawili yamepewa jina la Magnesia, nchi ya Wagiriki. Manganizi ndiyo mali ya Kisenge, upande wa Dilolo, na mwaka 2018 ilianza tena kuvuka kwa treni kwenda Lobito.

Je, wajua kwamba alama yenye herufi moja tu, U, ndiyo iliyoitikisa dunia? Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilichimbwa na kampuni ya madini ya UMHK na ikatumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945.

Na hili usilisahau: Co. yenye nukta ni kampuni. Co yenye o ndogo ni kobalti. CO yenye O kubwa ni monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu inayotoka kwenye mota na jiko la makaa. Haionekani wala hainuki. Inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu: kichwa kinauma, kizunguzungu kinaanza, kichefuchefu kinafuata, kisha mtu anazimia. Kwa hiyo mota ya pampu isiwashwe kamwe ndani ya shimo; iwekwe nje, mbali na mdomo wake. Mwenzako akianguka chini huko, usimfuate mbio, maana hewa hiyohiyo inakungoja. Zima mota, ita watu, na asishuke mtu mpaka hewa safi iingie. Mfundishe hivyo kila kijana anayeshuka shimoni, awe anajua kusoma au hajui.