Majina ya kadi za mtandao katika nakala ya mashine pepe

Tatizo la majina ya kadi za mtandao hutokea pale nakala ya mashine pepe ya Linux inaposhindwa kuingia mtandaoni kwa sababu kadi yake imepewa jina lisilolingana na mipangilio iliyorithi. Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi.

Chanzo

Kila kadi ya mtandao, hata ya kuigizwa, ina anwani ya MAC yenye biti 48. Mashine mbili zenye anwani moja hugongana katika mtandao mmoja. Hivyo nakala hupewa anwani mpya. Diski yake, hata hivyo, bado ina kumbukumbu za mashine ya awali.

Katika CentOS 6, programu ya udev huandika anwani na jina la kila kadi katika faili /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules. Nakala inapowashwa, jina eth0 tayari limeshikwa na kadi ya zamani ambayo haipo tena, na kadi mpya huitwa eth1. Matokeo yake, eth0 ina mipangilio bila kadi, na eth1 ni kadi bila mipangilio. Seva huwaka vizuri, lakini haifikiki kwa mbali. Hurekebishwa kupitia dirisha la programu inayoiendesha.

Utatuzi

1. Kutumia amri ip link ili kuona jina la kadi na anwani yake mpya.
2. Kufuta faili la 70-persistent-net.rules, udev italiandika upya.
3. Katika /etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-eth0, kuweka anwani mpya kwenye mstari wa HWADDR na kufuta mstari wa UUID. Kama anwani ya IP ni ya kudumu, nayo ibadilishwe.
4. Kuzima mashine na kuiwasha tena.

Matoleo ya baadaye

Tangu toleo la 197 la systemd, mwaka 2013, kadi zinaweza kupewa majina kulingana na mahali zilipochomekwa. Kwa mfano, enp0s3 ni kadi ya Ethernet katika basi 0, nafasi ya 3. Nakala yenye mpangilio uleule wa vifaa hubaki na jina lilelile, ingawa mipangilio inayotaja anwani ya zamani ya MAC bado huhitaji kurekebishwa.

Faili la /etc/machine-id nalo hunakiliwa. Lisipofanywa tupu kabla ya kunakili, seva ya DHCP inaweza kuzipa mashine mbili anwani moja ya IP.