Tarakimu sita na laini yako ya nyumbani

Ujumbe huwa mfupi, na unatoka kwa mtu unayemfahamu. “Mambo dada, samahani, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako kimakosa, nirushie fasta kabla hazijaisha muda.” Picha ni ya katibu wa chama chenu cha kuzikana, jina ni lake, na juzi tu alikuwa akiwakumbusha ada ya mwezi. Meseji yenye tarakimu sita imeingia kweli, sekunde chache kabla. Ukimrushia, WhatsApp inazimika mkononi mwako, na maji ya chai hayajachemka, ndugu zako wa Houston, Reading na Mbagala wanasoma kwamba kadi yako ya benki imegoma na unaomba dola 400 mpaka kesho asubuhi.

Katika wizi huu mtapeli havunji programu yoyote. Anaweka WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako, na WhatsApp inatuma tarakimu sita kwenye laini yako ili ijiridhishe kwamba anayeingia ndiye mwenye namba. Kinachompungukia ni hizo tarakimu tu, na unazo wewe. Katibu naye alishanyang'anywa akaunti kwa njia hiyohiyo saa chache nyuma. Ndiyo maana wizi ukianza kwenye kundi moja la Watanzania asubuhi, jioni umeshapita kwenye kundi la kwaya, la waliosoma pamoja na la kamati ya harusi.

Meseji zako za zamani mtapeli hazioni, kwa kuwa zinakaa ndani ya simu yako. Anachopata ni makundi yako, jina lako, na imani ya watu kwako. Kwa kazi yake vinatosha sana.

Ikikukuta, kuna jambo la kufanya kabla ya kulia kwenye Facebook. Ingiza upya namba yako kwenye WhatsApp, pokea tarakimu sita mpya, ziandike. Mtapeli anatolewa papo hapo. Wajanja wa siku hizi wakishaingia huwahi kuweka namba ya siri ya ziada, ile ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambayo wewe huijui. Hapo utalazimika kusubiri siku 7 ndipo uruhusiwe kuingia bila hiyo namba. Lakini katika siku hizo zote yeye naye hayumo, mradi tarakimu za meseji umeziandika. Wengi hawalijui hili. Wanakata tamaa, wanakimbilia kununua laini mpya na kuanza kutafuta watu upya, huku mtapeli anaendelea kukusanya michango kwa jina lao kwa utulivu kabisa.

Hiyo namba ya siri ya ziada ipo tangu 2017 na haina malipo. Ukiiweka wewe kwanza, tarakimu sita za meseji peke yake hazimwingizi mtu papo hapo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, weka namba unayoikumbuka, na ongeza baruapepe ya kukusaidia ukiisahau. Kama kuna kitu kimoja tu utakachofanya leo, kiwe hicho, kisha umpigie mama video mfanye pamoja kwenye simu yake.

Lakini tulifikaje mahali ambapo tarakimu sita kwenye meseji ndizo zinazotenganisha mtu na jina lake?

Namba ya simu ilitengenezwa ili mtambo ujue simu ipi iite. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi Neil Papworth akitakia heri ya Krismasi, na hapo hakukuwa na habari ya benki. Mitambo ya simu iliongea kwa utaratibu uitwao SS7, uliobuniwa miaka ya 1970, zama ambazo kampuni za simu zilikuwa chache, nyingi zikiwa mali ya serikali, na mtambo mmoja uliamini chochote ulichoambiwa na mwingine. Desemba 2014 wataalamu wa Kijerumani, Karsten Nohl na Tobias Engel, walionyesha mbele ya hadhara mjini Hamburg jinsi imani hiyo inavyoweza kutumiwa kunasa simu na meseji za watu. Mwaka 2017 ikabainika kwamba wezi wameshafanya kweli: meseji za benki za wateja wa O2-Telefónica nchini Ujerumani zilielekezwa kwingine na akaunti zikachotwa.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulitangulia wengi katika kuigeuza namba kuwa pochi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Mtu ambaye hakuwahi kuingia benki akawa na namba inayopokea mshahara, inayolipa ada na inayokopa. WhatsApp, iliyoanzishwa 2009 na Jan Koum na Brian Acton, ilikwenda mbali zaidi kwa kuliondoa kabisa neno la siri: namba yako ndiyo akaunti. Uamuzi huo ndio uliowawezesha shangazi zetu kuingia wenyewe bila kumsumbua mjukuu. Siuchukii hata kidogo. Ila ulimaanisha kwamba yeyote atakayeishika namba yako, hata kwa dakika mbili, amekushika wewe.

Benki za Ulaya na Marekani nazo zilizoea kutuma tarakimu kwa meseji. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliandika mwaka 2017 kwamba njia hiyo itumike kwa tahadhari na kwamba watoa huduma waandae njia mbadala. Benki nyingi zinaendelea nayo hadi leo kwa sababu ni rahisi na mteja halalamiki.

Kuna wizi ambao hauhitaji hata kukuuliza. Mtu anakwenda dukani au anapiga simu kwa kampuni yako, anajifanya wewe, anasema simu imepotea na anaomba arudishiwe laini. Akipewa, simu yako inapoteza mtandao na meseji zako zote zinaanza kuingia kwake. Agosti 2019 hili lilimpata Jack Dorsey, mwanzilishi mwenza na mkuu wa Twitter wakati huo: akaunti yake ndani ya Twitter yenyewe ilianza kutoa matusi kwa sababu namba yake ya simu ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine. Simu yako ikikosa mtandao ghafla ukiwa nyumbani kwako ambako siku zote unashika, usingoje kesho. Tafuta simu nyingine upigie kampuni.

Kila nchi ina kufuli lake, na ni vizuri kulijua la unakoishi. Marekani, kampuni kubwa za simu zina sehemu ya kufunga namba isihamishwe. Inakuwa ndani ya programu yao au unaiomba huduma kwa wateja. Kenya, wateja wa Safaricom hupiga *100*100# kuzuia laini isirudishwe na mtu mwingine. Uingereza jambo la kuangalia ni jingine: tangu Julai 2019 kuhama kampuni ni kutuma neno PAC kwenda 65075 na kupokea namba ya kuhamia. Ni raha kwa mteja, na ni raha pia kwa aliyeiokota simu yako ikiwa haina namba ya siri ya skrini. Mnaoacha simu wazi mezani kwenye sherehe, nimewaona.

Tanzania tuna alama za vidole. Laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, na ndugu wengi waliokuwa nje walipoteza namba walizozitumia miaka mingi. Utaratibu huo ulibana mlango mmoja wa matapeli, hilo nalikubali. Kwa watu wa ughaibuni ulileta jambo jingine ambalo halisemwi. Laini nyingi tunazotumia tukienda likizo zimesajiliwa kwa kidole cha mdogo wetu, cha shemeji, au cha kijana aliyekuwa amekaa karibu na wakala siku hiyo. Mbele ya kampuni ya simu, laini hiyo ni yake. Akitaka kuirudisha kesho kwa kidole chake, hakuna wa kumzuia, na salio lililomo litamfuata. Namjua mtu aliyejenga nyumba nzima ya Kigamboni kwa fedha alizotuma kupitia laini ya jina la mtu mwingine. Walielewana mpaka mwisho, lakini hiyo ilikuwa bahati. Ukiwa nyumbani piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wakati mwingine utakuta namba ambazo hujawahi kuziona.

Halafu kuna laini iliyolala kwenye droo.

Unaondoka Dar, unaitoa laini, unaiweka kwenye bahasha na pasipoti ya zamani. Miezi inapita bila kuwekwa vocha. Kampuni inaifunga, na baada ya muda namba ileile inauzwa kwa mtu mwingine. Yeye hana kosa lolote, kanunua laini yake dukani. Lakini kama namba hiyo bado imeandikwa kwenye akaunti yako ya benki ya nyumbani, kwenye Gmail au Facebook, tarakimu za kuingilia zinakwenda kwake. Huku Marekani nako ni hivyohivyo ukibadilisha kampuni bila kuhama na namba. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walichukua namba 259 zilizokuwa zikingoja wateja wapya katika kampuni mbili kubwa za simu, wakakuta 171 bado zimefungamana na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Wenye akaunti hizo hawakuwa wamefanya uzembe wa ajabu. Walikuwa wamehama tu, kama tunavyohama sisi kila mkataba wa nyumba unapoisha.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, ambao ni mpana kuliko WhatsApp, ni kuipunguzia namba ya simu kazi. Baruapepe yako ndiyo mama wa akaunti zote, kwa kuwa ndiyo inayopokea maombi ya kubadilisha maneno ya siri. Hiyo ipe neno la siri refu ambalo halitumiki kwingine kokote. Kisha, badala ya meseji, tumia programu ya kuzalisha tarakimu ndani ya simu yenyewe. Google na Microsoft wanazo bure. Tarakimu hizo hazipiti kwa kampuni ya simu, kwa hiyo anayeiba laini hazipati. Bado mtu anaweza kukubembeleza umtajie, hilo halijaondoka. Kilicho imara zaidi ni ufunguo uitwao passkey, ambao Apple, Google na Microsoft walitangaza pamoja Mei 2022: unaingia kwa kidole au uso, simu inajithibitisha yenyewe kwa tovuti husika, na hakuna tarakimu yoyote ya kumsomea mtu. Tovuti ya bandia hata ikifanana vipi na ya benki yako, ufunguo haufanyi kazi hapo. WhatsApp nao wanao. Mahali popote unapoulizwa kama unautaka, kubali.

Pitia pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako. Kuna utapeli wa kuombwa umpigie kura binti wa fulani kwenye mashindano. Unafungua linki, unaandika namba, unapewa herufi na tarakimu za kuingiza kwenye WhatsApp yako, na hapo umeshaunganisha kompyuta ya mtu usiyemjua. Huu ni mbaya zaidi kwa sababu simu yako haizimiki. Anasoma kimyakimya. Kifaa usichokitambua, kitoe.

Nyumbani wazee wanapambana na jeshi lao la matapeli. “Ile hela itume kwenye namba hii” imeshakuwa utani mitaani, lakini inaendelea kutumwa kwa sababu kila siku kuna mtu ambaye kweli alikuwa anangoja kuelekezwa pa kutuma kodi ya nyumba. Meseji kama hizo Tanzania unaziripoti kwa kuzituma 15040, na Kenya wateja wa Safaricom huzituma 333. Wazee wangu nimewaomba jambo dogo: anayedai ni mimi na ana shida, hata kwa sauti inayofanana na yangu, wakate simu kwanza, wanipigie wao kwa namba waliyonayo. Sauti siku hizi inatengenezwa. Mjomba mmoja katika ukoo wetu ameongeza lake: ukimpigia kuomba hela, lazima umtajie bibi yako alizikwa wapi. Vijana wanamwona msumbufu.

Kuhusu ile laini ya droo, ukishaamua kuiacha, WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba inayohamisha akaunti na makundi yako yote kwenda namba mpya, na namba mpya ndiyo inayopaswa kupokea meseji. Gmail na Facebook utazibadilisha ukiwa hukohuko uliko. Benki ya nyumbani ni habari nyingine. Nyingi hazigusi namba mpaka ufike tawini na kitambulisho mkononi, kwa hiyo iweke kwenye ratiba ya likizo ya Desemba, siku mbili tatu za mwanzo, kabla vikao vya harusi havijaanza.