Saratani ya Mlango wa Uzazi: Usingoje Kuona Damu

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake 5,236 nchini Kenya hupatikana na saratani ya mlango wa uzazi kila mwaka, na 3,211 hufariki. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kiasi hicho nchini. Cha kusikitisha ni kwamba hii ni mojawapo ya saratani zinazozuilika kwa urahisi zaidi.

Huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikikaa, huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya saratani kutokea, na muda wote huo mama hasikii maumivu yoyote.

Chanjo ilizinduliwa hapa hapa Pwani, mjini Mombasa, Oktoba 2019, ikilenga wasichana wa miaka 10. Wazazi wengine bado husema inafunga kizazi. Haifungi. Inayoondoa kizazi ni saratani yenyewe. Utafiti uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka huo huo wa 2022, Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja yaweza kutosha. Msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya moja.

Mama wa miaka 30 hadi 49 apimwe hata kama ni mzima. Anayeishi na virusi vya Ukimwi aanze akiwa na miaka 25 na apimwe mara kwa mara zaidi. Kuna kipimo cha siki: muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa uzazi, na sehemu yenye dalili hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi. Majibu ni papo hapo. Penye mashine, sehemu hiyo huunguzwa kwa joto au kugandishwa siku hiyo hiyo, bila kulazwa. Kwa mama aliyelipa nauli kutoka Bamba au Marafa, hilo si jambo dogo.

Wengi huogopa kile chuma cha kupimia, au kuvua nguo mbele ya mhudumu mwanamume. Kipimo cha HPV kimeondoa kikwazo hicho, kwani mama aweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti laini. Kikitoka hana virusi, hurudi baada ya miaka 5. Uliza kliniki yako kama kinapatikana.

Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu si mambo ya uzee wala ya kurogwa. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Tumbo linalojaa bila sababu pia lichunguzwe, kwani saratani ya ovari haina kipimo cha mapema.

Hata ikishakuwa saratani, tiba imesonga mbele. Utafiti wa nchi kadhaa uliotolewa 2024 ulionyesha kuwa wiki sita za dawa kabla ya mionzi ziliinua walio hai baada ya miaka mitano kutoka asilimia 72 hadi 80.

Jambo moja kwa waume: mama akishaunguzwa au kugandishwa sehemu hiyo, hushauriwa kupumzika na tendo la ndoa kwa takriban mwezi mmoja. Andamana naye kliniki, uelezwe pamoja naye.