Saa ya Mkononi na Msongo wa Mawazo

Siku hizi tunawaona waongoza watalii wa Karatu wakivaa saa zinazodai kupima msongo wa mawazo. Chini ya saa hiyo mna taa ndogo ya kijani. Damu hufyonza mwanga wake. Moyo udundapo, damu huongezeka mishipani na mwanga unaorudi hupungua. Ndivyo saa inavyohesabu mapigo na kupima nafasi kati ya pigo na pigo. Kwa mtu aliyetulia nafasi hizo hutofautianatofautiana. Kwa aliyesongwa, aghalabu hukaribiana kufanana.

Hata hivyo, tuwe na busara. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita zipatazo 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mwenye kuupanda kwa miguu moyo wake huenda mbio bila huzuni yoyote. Kahawa na homa hufanya vivyo hivyo. Tena ngozi nyeusi hufyonza mwanga mwingi wa kijani, na vipimo vyaweza kupungukiwa usahihi.

Saa husoma mapigo, haisomi chanzo: ada ya shule, mkopo, msiba. Hayo hujulikana kwa kusikilizana. Ndugu yetu akikosa usingizi na kujitenga, tusingoje saa itujulishe. Tuketi naye, kisha tumsindikize kwa daktari.