Roboti ya Mabomba ya Maji

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya vijana wanne na roboti yao. Si hadithi ya kubuni. Ilitokea Marekani mwaka 2004.

Katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, kuna shule ya sekondari iitwayo Carl Hayden. Mji huo uko jangwani, mbali na bahari. Hapo walisoma Cristian Arcega, Lorenzo Santillan, Oscar Vazquez na Luis Aranda. Wote walizaliwa Mexico, na familia zao zilikuwa za kipato kidogo. Walimu wao, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliwaandikisha katika mashindano ya roboti za chini ya maji, tena katika kundi la vyuo vikuu. Humo kilikuwamo MIT, chuo chenye sifa dunia nzima.

Kazi haikuwa nyepesi. Roboti ilitakiwa izame bwawani hadi kwenye mfano wa nyambizi, ipime urefu wake, iokote vitu na ifyonze majimaji kutoka kwenye pipa.

Vijana walikusanya takriban dola 800 tu. Wakaketi wakashauriana, wakachagua mabomba ya plastiki, yale yale ya fundi bomba. Kwa nini mabomba? Kwa sababu yana uwazi ndani. Ukiziba ncha zake, hewa hubaki humo, na mabomba huelea kama dumu tupu lililofungwa kifuniko. Hewa hiyo ndiyo iliyobeba uzito wa mitambo, roboti isivutwe chini.

Betri je? Waliiweka kwenye sanduku lililofungwa kwenye roboti yenyewe. Umeme ukisafirishwa mbali kwa waya hupungua nguvu njiani, na kebo nene ni mzigo wa kuburuta.

Kupima urefu walitumia mwanga wa leza. Sikilizeni hapa kwa makini: mwanga huenda polepole zaidi majini kuliko hewani. Kifaa kilichoundwa kupima hewani hakilijui hilo. Ukikitumia majini, mita 3 hukuonyesha kama mita 4. Vijana walilijua, wakasahihisha hesabu zao.

Gundi waliyounganishia mabomba ilikuwa na harufu mbaya, hivyo roboti wakaiita Stinky, yaani inayonuka.

Walipofika Santa Barbara, California, wakaijaribu bwawani. Lo! Sanduku la umeme lilikuwa linavuja, na tone moja tu la maji laweza kuharibu mitambo. Usiku huo wakalehemu nyaya upya. Lorenzo akaenda dukani kununua tamponi, pamba ambazo wanawake hutumia wakati wa hedhi. Pamba hizo zimeundwa kunyonya, basi wakazipanga ndani ya sanduku zinyonye maji yatakayopenya. Zikafanya kazi.

Majini, Stinky haikuongoza. Zilikuwapo roboti zilizopata alama nyingi zaidi. Lakini mashindano hayakuishia bwawani. Majaji waliwaita vijana na kuwauliza: kwa nini mabomba haya? Kwa nini betri hapa? Leza yenu mliirekebishaje? Walijibu kila swali, maana kila kifaa walikuwa wamekichagua kwa sababu. Ripoti yao ya maandishi nayo ikasifiwa. Matokeo yalipotangazwa, Carl Hayden walikuwa wa kwanza, MIT wa pili.

Mwandishi Joshua Davis aliieneza habari hiyo, na mwaka 2015 ikatolewa filamu iitwayo Spare Parts.

Nanyi mkianzisha klabu ya roboti shuleni kwenu, msingoje vifaa vya bei kubwa. Anzeni na mabomba, nyaya na betri mnazoweza kupata. Lakini kabla ya kufunga skrubu yoyote, kila mmoja wenu aweze kusema kifaa hicho kimewekwa hapo kwa nini. Asiyeweza kusema, na aulize kwanza, wenzake wamweleze mpaka aelewe.