Jalidi, Ukame na Mtama wa Turkana

Maji ya mto Turkwel yapitayo Lodwar hutoka katika mlima Elgon, ambako usiku jalidi huanguka juu ya majani ya kileleni na kuyafanya meupe. Lakini yafikapo Lodwar, baada ya kuteremka mabonde na kulikata jangwa, hukuta nchi ambayo mvua yake ya mwaka mzima haifiki kwa wastani milimita 250, na ambayo wakulima wake hawana haja ya kuiogopa jalidi kamwe. Basi mkaaji wa Lodwar au Kakuma ana haki ya kuuliza: ilimu ya nafaka zistahimilizo jalidi, iliyowashughulisha wataalamu wa Ulaya, Marekani na Japani kwa miaka mingi, yamhusu nini yeye? Yamhusu sana, kwa sababu jeraha ambalo jalidi huutia mmea, na lile ambalo ukame huutia, kwa sehemu kubwa ni jeraha moja.

Baridi inapozidi, maji huganda kwanza nje ya chembe hai za mmea, katika nafasi zilizo baina yake, na barafu hiyo huyavuta maji yaliyomo ndani, hata chembe ikasinyaa, utando wake ukaharibika, na jani likafa kwa kiu ilhali limezungukwa na maji. Ukame nao huikausha chembe vivyo hivyo, japo kwa njia ya jua na upepo. Na mmea ulio hodari hujikinga na maadui wote wawili kwa silaha zinazofanana, yaani sukari na protini maalumu zinazoulinda utando usiharibike.

Ni nani atoaye amri ya kuzishika silaha hizo? Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walieleza jeni waliyoiita CBF1, waliyoikuta katika kimea kidogo cha jamii ya haradali, na mwaka uliofuata wenzao wa Japani wakaeleza jeni za ukoo huo huo kwa jina la DREB, wakabainisha kuwa tawi moja la ukoo huamshwa na baridi, na tawi jingine na ukame. Jeni hizi hazikingi zenyewe. Kila moja hutengeneza protini inayoshika mahali maalumu katika DNA na kuziamsha jeni nyingine nyingi kwa pamoja, mfano wa nahodha asiyeshika kamba kwa mkono wake, lakini akitamka neno mabaharia wote huinuka. Katika ngano na shayiri, jeni za CBF zaidi ya kumi zimekaa kundi moja katika kromosomu ya tano, na tofauti za kundi hilo ni miongoni mwa sababu za ngano moja kupona baridi inayoiua nyingine.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Mmea ambao wataalamu waliulazimisha kuitoa amri hii daima, pasipo baridi wala ukame, ulistahimili shida, lakini ulidumaa na kuchelewa kutoa maua. Kwa hiyo fadhila haimo katika kuwa na jeni tu, bali katika kujua wakati wa kuiamsha na wakati wa kuinyamazisha.

Amma mtama, ambao ni mzaliwa wa joto na hauiwezi jalidi, nao unazo jeni za ukoo huo, na fauka ya hayo una hekima yake yenyewe. Mtama mmoja wenye asili ya Ethiopia uliwapa wataalamu sifa ya kubaki kijani ukame unapoingia baada ya maua, na sifa hiyo imefuatiliwa hadi sehemu nne za kromosomu, zinazoitwa Stg1 hadi Stg4. Uchunguzi uliofanywa Queensland, Australia, ulionyesha kuwa siri yake ni uwekevu wa mapema: mmea huchipuza machipukizi machache, hupunguza ukubwa wa majani ya juu, na hivyo huyaacha maji ardhini mpaka siku ambazo punje zinajaa.

Wanawake wa Turkana wapandao mtama kando ya Turkwel na Kerio, mafuriko yanapopungua, wamechagua njia nyingine, ya mbegu iivayo upesi kabla unyevu haujakauka. Nami nauhesabu uteuzi huo kuwa kazi ya ilimu kamili, iliyofanywa mavuno kwa mavuno pasipo maabara. Lakini misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022, na katika njaa ya namna hiyo mbegu ya akiba ndiyo chakula cha mwisho cha nyumba. Huko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na Kalobeyei iliyo jirani, wapo watu wengi wa Sudan Kusini ambao mtama ndio chakula chao cha asili, na maarifa yao yastahili kusikilizwa pamoja na ya wenyeji.

Ili mbegu za namna hiyo zisipotee, Kenya ina benki ya mbegu ya taifa huko Muguga tangu mwaka 1988. Nawasihi maofisa wa kilimo wa Lodwar, na kila mwenye kugawa mbegu ngeni baada ya ukame, waulize kwanza katika kila kijiji ni mtama gani uliosalia, wapeleke sehemu yake Muguga, na sehemu nyingine waiache mikononi mwa wanawake walioitunza.