Kishale Kinachoonekana: Kuchora Alama ya Kipanya kwa Wenye Uoni Hafifu

Kishale ni ile alama ndogo inayofuata mwendo wa kipanya kwenye skrini ya kompyuta. Muuguzi wa Iringa anayeingiza taarifa za mgonjwa katika mfumo wa GoTHOMIS hukitegemea ili kuchagua jina sahihi na dozi sahihi. Asipokiona vizuri, huweza kubofya mstari wa mgonjwa mwingine.

Uoni hupungua kwa sababu mbalimbali. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, na maandishi ya karibu husomwa kwa taabu. Mtoto wa jicho hufifisha tofauti kati ya weusi na weupe. Watu wenye ualbino aghalabu huwa na uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali.

Kwa desturi, kishale cha Windows huchorwa katika mraba wa pikseli 32 kwa 32, yaani vitone 1,024. Kikivutwa hadi 64 kwa 64, vitone vinavyohitajika ni 4,096. Kompyuta hulazimika kukisia vilivyosalia, nazo kingo hupata ukungu au meno kama ya msumeno. Kwa hiyo umbo lichorwe upya kwa kila ukubwa: 32, 48, 64 na 96. Faili moja la aina ya .cur huweza kubeba saizi zote hizo.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, mwili wa kishale uwe mweusi na uzungushiwe mstari mweupe, ili kionekane juu ya fomu nyeupe na juu ya picha nyeusi ya eksirei pia. Rangi pekee haitoshi, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Pili, kingo zifuate miraba ya pikseli: mistari iwe ya wima, ya mlalo au ya nyuzi 45. Tatu, nukta tendaji, yaani pikseli moja inayopokea mbofyo, iwekwe kwenye ncha kabisa. Ikisogea, mtumiaji hudhani amegusa jina moja ilhali kompyuta imechagua jingine.

Kabla ya kuchora, jaribu mipangilio ya ufikivu katika Windows 10 au 11, ambamo kishale hukuzwa na kubadilishwa rangi. Usipakue vishale kutoka intaneti kwenye kompyuta ya kituo. Ofisa TEHAMA ndiye akuwekee. Kisha kijaribiwe na mtumiaji mwenyewe, akiwa mahali pake pa kazi, mchana, mwanga wa dirishani ukiingia.

Kishale bora hakitibu jicho. Anayelazimika kukikuza kila mara, au anayeona ukungu au vitu viwili viwili, afike kliniki ya macho. Kupoteza uoni ghafla ni dharura: aende siku hiyohiyo.